Limechukuliwa na Shemeji

Kama ndiyo kwanza unaliokota gazeti hili kwenye kiti cha kinyozi, karibu, hujachelewa sana msibani. Mimi ni yule karani wa masijala aliyepoteza kazi Mkubwa alipoangushwa madarakani, akaachwa na mchumba wiki hiyohiyo, na Jumatatu iliyopita akafuatwa kazini na wapelelezi wawili waliobeba daftari lake ndani ya mfuko wa nailoni.

Masijala ni chumba ambamo mafaili yote ya ofisi hulala. Kazi yangu ilikuwa kuyaamsha.

Mnakumbuka chanzo cha haya. Mwaka juzi paa la soko jipya lilianguka likaua watu kumi na saba. Kabla ya hapo mhandisi alikuwa ameandika barua kuonya kwamba halitasimama. Tume ya Uchunguzi inataka kujua nani aliisoma barua ile akanyamaza, kwa hiyo imeomba karatasi za wote waliokuwa wasaidizi wa Mkubwa.

Mkubwa amekataa. Anasema barua hajawahi kuiona, na karatasi za wasaidizi wake ni siri yake, hata kama wasaidizi wenyewe aliwatoa mlangoni kama paka. Ameenda mahakamani. Huu ni mwezi wa sita karatasi zimefungiwa chumba chenye kufuli tatu, na hakuna anayeruhusiwa hata kuzipangusa vumbi.

Lililopona ni daftari langu tu. Daftari la mwendo wa mafaili halina siri. Linasema faili gani limetoka, lini, kwa nani, limerudi lini. Mahakama ikasema, hilo someni.

Msomaji mmoja ameniandikia kuniuliza: kama halina siri, wewe unatetemeka nini?

Ndugu yangu, natetemekea mwandiko wangu.

Kanuni inasema anayechukua faili aandike jina lake na kutia saini. Wakubwa hawatii saini. Wakubwa husema, "Andika tu," huku wameshafika kwenye ngazi. Nami nikawa naandika tu. Ila kwa majina niliyowabatiza mwenyewe, maana siku ni ndefu masijala na panya hawapigi soga.

"Kesho ni nani?" aliuliza mpelelezi, mama mmoja mwenye sauti ya mwalimu wa zamu. Tulikuwa tumekaa kwenye chumba chenye meza moja, viti vitatu na feni iliyokuwa inazunguka kwa kujilazimisha.

"Ofisa mipango. Ukimdai faili anasema kesho."

"Kijiko?"

"Msemaji wa ofisi. Hakuna chungu asichokoroga."

Mzee aliyekuwa akiandika maelezo pembeni aliinamisha kichwa, mabega yakamtikisika. Mama hakucheka. Alilamba kidole, akafunua kurasa nne, akasoma taratibu.

"Faili namba arobaini na moja. Paa la Soko. Limetoka tarehe tisa mwezi wa pili, mwaka juzi. Limechukuliwa na Shemeji. Kurudi, patupu." Akaligeuza daftari linitazame. "Shemeji ni nani?"

Hapa nilitabasamu. Mjinga mimi. Nilidhani ndiyo nimefika sehemu tamu.

"Shemeji ni Mkubwa."

"Mkubwa yupi?"

"Mkubwa mwenyewe. Alikuja kwa miguu yake, akalichukua kwa mkono wake. Ndiyo maana hakuna saini. Nani angemwambia tia hapa?"

Mzee aliacha kuandika.

"Na kwa nini ukamwandika Shemeji?"

"Ndivyo alivyokuwa akiniita. Kila akipita masijala: shemeji, hujambo? Basi na mimi nikamrudishia. Utani tu."

"Ameoa kwenu?"

"Hapana."

"Wewe umeoa kwao?"

"Mama, mimi hata mchumba nimeshindwa kumtunza."

"Una dada?"

"Mmoja."

"Ameolewa na nani?"

Mdomo huponza kichwa. Kwangu kalamu ilitangulia, mdomo ukafuata kuchukua mizigo. Kwa sababu Dada, mama mpelelezi alijua vizuri sana, ameolewa na aliyekuwa msaidizi wa barua wa Mkubwa. Korido moja na mimi. Milango mitatu kutoka masijala.

"Kwa hiyo," alisema, "una shemeji wa kweli, aliyekuwa akifanya kazi hatua ishirini kutoka mezani pako, akipokea barua zote za Mkubwa. Daftari lako limeandika Shemeji. Nawe unaniambia ni mtu mwingine."

"Lakini yeye hutia saini. Fungua ukurasa wowote. Jina kamili, saini, tarehe, mpaka saa. Yule ni mtu wa kuweka nukta kwenye orodha ya sabuni na kiberiti."

"Nimeona. Na ndiyo maana najiuliza. Mtu anayetia saini kila siku, siku asiyotaka ijulikane, atamwambia nani aandike kitu kingine? Si shemeji yake?"

Lilikuwa swali zuri. Ningekuwa mimi ndiye mpelelezi, ningejipongeza.

"Ofisi nzima ilimsikia akiniita hivyo," nikasema.

"Ofisi nzima nimeshaiuliza. Hakuna anayekumbuka."

"Basi dada yangu. Alikuwa mpiga chapa palepale, atawaambia ulikuwa utani."

"Alhamisi saa tatu, mbele ya Tume. Njoo naye." Akafunga daftari. "Na ujue uzito wake. Kama Shemeji ni Mkubwa, Mkubwa ametudanganya. Kama Shemeji ni mume wa dada yako, basi yeye ndiye aliyeificha ile barua, na watu kumi na saba ni wake."

*

Kesho yake asubuhi nilikuwa kibandani ninakofanya kazi siku hizi, kwenye mashine ya kutoa nakala inayokwaruza kila karatasi ya tatu. Akaja bwana mmoja, suti ya rangi ya jivu, akaniomba nimtolee nakala ya kitambulisho. Nikasoma jina. Alikuwa wakili wa Mkubwa.

"Usishtuke," akasema. "Nimekuja kukusaidia kusema kweli."

"Kweli naijua, Wakili. Sihitaji msaada."

"Mume wa dada yako ni nani yako?"

"Shemeji."

"Umeona? Hukupata shida hata kidogo." Alichukua nakala yake, akaipuliza wino ukauke. "Alhamisi watakuuliza Shemeji ni nani. Mwoneshe aliyekaa pembeni ya dada yako. Hutakuwa umeongopa hata neno moja."

"Na nikisema ni Mkubwa?"

"Una haki. Na mimi nitakuwa na haki ya kusimama na kuuliza: mtu mzima, mwenye mke wake, kwa nini amwite karani shemeji? Swali la kawaida kabisa." Akanitazama kwa huruma, na huruma ya wakili inatisha kuliko hasira yake. "Lakini jibu lake sidhani unalo. Kamuulize dada yako kwanza."

Aliondoka akaniachia kitambulisho chake kwenye kioo cha mashine. Ilibidi nimkimbilie kumrudishia. Hata aliyenitukana nimemtumikia mbio.

*

Mchana nilimkuta Dada anapiga pasi shati jeupe la mumewe, la kuvaa Alhamisi. Mimi huwa siingii nyumba ile bila kuanza na mzaha. Siku hiyo nilisimama tu.

"Una nini? Umefiwa na mashine?"

"Dada, nataka useme kitu kimoja tu keshokutwa. Kwamba Mkubwa alikuwa ananiita shemeji kwa utani."

Aligeuza kola, akaipiga pasi upande wa pili.

"Dada."

"Nimesikia."

"Basi?"

"Haukuwa utani."

Mimi ni mtu wa maneno. Siku ile nilitafuta hata moja, nikakuta rafu tupu.

"Lini?" nikauliza.

"Kabla sijaolewa. Nilipoolewa yakaisha." Alikuwa anaongea na shati. "Naapa kwa mama aliyelala kaburini."

"Na bado akawa ananiita hivyo mbele za watu?"

"Kila akikuita, ni mimi aliyekuwa ananikumbusha."

"Na mimi nilivyoajiriwa, mwezi mmoja kabla ya harusi yako..."

"Wewe na cheti chako kile, mama alichokuwa akikificha chini ya godoro wageni wasikione, ulidhani Ofisi Kuu walikupendea nini?"

"Nilidhani walipenda mwandiko wangu."

"Ilikuwa zawadi ya kuagana," akasema.

Miaka minne, wasomaji wangu. Miaka minne Mkubwa aliweka kiwiko kwenye kaunta yangu akasema, "Shemeji, hujambo?" na watu wote wakacheka, nami nikacheka kuwazidi wote. Nilijiona mtu wa karibu. Nikarudi nyumbani nikawasimulia majirani. Kumbe wenzangu walikuwa wakicheka wanajua, na mchekeshaji ndiye alikuwa kichekesho.

"Shemeji anajua?" nikauliza.

"Hajui. Na hatajua."

"Usiposema, wanamfunga."

"Nikisema, ninamwua."

"Dada, jela ni miaka. Aibu ni maneno."

"Wewe hujaoa," akasema. "Huwezi kujua kipi kinapona upesi."

Mlango ukasukumwa. Aliingia Shemeji mwenyewe, na barua ya wito mkononi. Sijui alikuwa amesimama nje kwa muda gani. Alimsalimu mkewe, akanipa mkono, akavaa miwani yake, akatuonesha ile barua.

"Hebu oneni. 'Unatakiwa kufika bila ya kukosa kutofika.' Bila ya kukosa kutofika. Maana yake nisiende." Alitikisa kichwa kwa uchungu wa kweli. "Watu wanaotaka kunifunga hawajui hata kuandika barua."

Nikacheka. Dada naye akacheka. Kisha Shemeji akaenda uani, na tulimsikia akifungua bomba likamwaga maji muda mrefu bila ndoo.

*

Alhamisi ukumbi wa Tume ulijaa mpaka watu wamekaa madirishani. Mstari wa nyuma walikaa ndugu za waliokufa sokoni, kila mmoja ameshika picha mapajani. Nilijitahidi nisiwatazame. Walikuwa kumi na saba kwa hesabu, lakini ukiwaangalia walikuwa mama huyu, mtoto yule, bibi mmoja aliyekuwa akiigeuza picha yake kila baada ya muda kana kwamba aliyemo atachoka kutazama upande mmoja.

Mlangoni nilikutana na Mkubwa uso kwa uso. Amepungua, lakini mkono ni uleule, mzito na mkavu.

"Shikamoo, Mkubwa."

"Marahaba. Hujambo, kijana?"

Kijana. Tangu anijue hakuwahi kuniita hivyo.

Dada alinivuta pembeni. Uso wake ulikuwa umekauka, umetulia. "Sema ukweli," akaninong'oneza. "Sema ni Mkubwa. Wakiniuliza kwa nini, nitasimama nitawaambia."

"Na Shemeji?"

"Atanichukia akiwa nje. Bora anichukie akiwa nje."

Wakati mwingine mtu uliyelelewa naye anakuzidi kimo mbele ya macho yako. Nikaenda kukaa.

Wakili ndiye aliyeanza. Alisimama akafunga kifungo cha koti, akasema mazungumzo ya kiongozi na wasaidizi wake ni kama ya mke na mume chumbani. Hayatolewi uani. Leo mkizifungua karatasi za wasaidizi wa huyu, kesho hakuna msaidizi atakayemshauri kiongozi yeyote bila woga. Alisema kwa ufasaha mpaka mtu mmoja dirishani akapiga kofi, akakatazwa.

"Mke na mume," Mwenyekiti wa Tume alirudia. Ni jaji mstaafu, mzee mfupi, anaongea kama anayehesabiwa pumzi. "Mteja wako aliwafukuza wasaidizi wote kumi na wawili kwa siku moja. Hiyo ndoa ilikuwa ya namna gani?"

Watu walicheka, wakili naye akatabasamu, lakini sheria ni sheria. Karatasi zikabaki na kufuli zake. Likaletwa daftari langu.

Mama mpelelezi akanisimamisha, akaniapisha, akanisomea mstari ule, akauliza swali lilelile. Shemeji ni nani?

Nilimwona wakili akifungua kalamu yake. Nilimwona Dada akishika mkoba kwa mikono miwili tayari kusimama. Nikavuta pumzi.

"Ni mimi."

Haikuwa sauti yangu. Mume wa Dada alikuwa amesimama katikati ya watu, shati lake jeupe limenyooka kama karatasi.

"Bwana, hujaitwa," Mwenyekiti akasema.

"Najua, Mheshimiwa, na naomba radhi kwa kuvunja utaratibu. Lakini huyu karani ana shemeji mmoja tu duniani. Ni mimi. Hakuna mwingine."

Watu wa madirishani wakainamia ndani kumwona.

Mama mpelelezi alimkazia macho. "Mbona hukutia saini, kama siku nyingine zote?"

"Nilikuwa na haraka."

Haraka. Mtu huyu husoma karatasi ya dawa mpaka mwisho, na jina la kiwanda, ndipo ameze kidonge. Mafua yanaweza kupona kabla hajamaliza.

Mama akanigeukia. Alikuwa anajua. Nitaapa mahali popote kwamba alikuwa anajua, na alikuwa ananipa kamba nijivute.

"Karani. Anasema kweli?"

"Huyu ni shemeji yangu," nikasema.

"Sikuuliza udugu. Nauliza, ndiye aliyelichukua faili?"

Hapa ndipo ninapowaomba msinitetee kwenye barua zenu. Wiki zote hizi mmenionea huruma, nami nimezipokea huruma zenu na kuzila. Hii msinipe. Nilimtazama Dada nione anataka nini, na machoni mwake, yule aliyeniambia sema ukweli, niliona nafuu. Alikuwa kama mtu aliyeshushiwa mzigo kichwani kabla hajauomba ushushwe. Nikaifuata ile nafuu. Nyuma yangu walikuwepo watu na picha kumi na saba, nikawapa mgongo.

"Ndiye."

Kijidudu gani kilinisukuma, sijui. Najua tu kwamba kwa mara ya kwanza nilikuwa nimesema jambo mbele ya watu wengi na hakuna aliyecheka.

Mwenyekiti akaandika. Kisha akamgeukia wakili kwa upole wa paka aliyeona mkia.

"Basi kazi imekuwa nyepesi. Faili liko kwa msaidizi wa zamani. Mwenyewe amekiri. Bwana, uko tayari kulileta kwa hiari yako?"

"Niko tayari, Mheshimiwa."

"Wakili, miezi sita umetuzuia tusiguse karatasi za wasaidizi. Hili nalo utalizuia?"

Wakili aliinama kwa Mkubwa. Wakanong'onezana sekunde mbili tu. Akainuka.

"Hatuna pingamizi."

Hapo ndipo nilipojua tumekwisha. Mtu aliyepigania hata risiti za stempu hawezi kuliachia faili moja hivihivi, ila kama anajua aliyeahidi kulileta hanalo.

"Jumatatu saa tatu asubuhi," Mwenyekiti akasema, "faili namba arobaini na moja liwe juu ya meza hii. Lisipokuwapo, utakamatwa hapahapa kwa kuficha ushahidi wa vifo vya watu kumi na saba."

*

Tulisimama koridoni sisi watatu, kando ya ndoo ya kuzimia moto iliyojaa vichungi vya sigara. Watu wakapita wakitutazama. Bibi mwenye picha alisimama mbele ya Shemeji, akamtazama kutoka viatu mpaka miwani, akaenda zake.

Shemeji alivumilia mpaka bibi akaishia kwenye ngazi. Ndipo akaegemea ukuta.

"Hukuligusa faili lile," nikasema.

"Hata jalada lake silijui rangi."

"Sasa kwa nini?"

Hakunijibu mimi. Alimgeukia mkewe.

"Nilikuwa nasoma barua zote za Mkubwa kabla hazijatoka. Zote, mke wangu. Mojawapo ilikuwa inakuja kwako. Alikuwa amekosea jina la mtaa wenu. Nikalisahihisha."

Dada alifunika mdomo.

"Ulijua," akasema. "Ukanioa ukijua."

"Yaliyotangulia harusi hayakuwa yangu. Mimi nahesabu kuanzia harusi." Alisema bila hasira, kama mtu anayesoma masharti aliyoyaandika mwenyewe. "Nilimsikia wakili asubuhi akimwambia karani wake aandae swali la pili, kwa nini Mkubwa amwite huyu shemeji. Nikaona nisilisubiri. Sitaki kusikia mtu anakuuliza vile mbele ya umati."

Nilitaka kumwinamia nimshike miguu. Nikasema upuuzi badala yake, kama kawaida yangu. "Jumatatu utakwenda na nini, Shemeji? Hapa tuna ndoo tu."

"Nitakwenda na mswaki," akasema, na akatabasamu kidogo.

"Huendi na mswaki popote." Dada alikuwa amemshika mkono. Machozi yanamtoka na uso unang'aa, vyote pamoja, anaongea haraka kama mtu anayeogopa kukatizwa. "Nisikilizeni. Faili lipo. Hachomi karatasi yule, anasema karatasi iliyotunzwa leo ndiyo itakayomkaba mwenzako kesho. Liko nyumbani kwake, chumba cha juu, kwenye kabati la mashuka, rafu ya chini kabisa. Ufunguo hukaa juu ya fremu ya mlango. Leteni mtu wa Tume na hati ya upekuzi leo hiihii, kabla hajalihamisha. Tutalipata. Nakwambia tutalipata, mume wangu."

Tumempata, nikawaza. Tumempata yule nyoka kwenye mashuka yake.

Shemeji alikuwa ameinamisha kichwa upande, kama anavyofanya akisoma barua ambayo kuna kitu hakijakaa sawa.

"Una hakika ni lenyewe?"

"Jalada la kijani, limemwagikiwa chai pembeni. Namba arobaini na moja. Nimeliona kwa macho yangu."

"Kwenye rafu."

"Ndiyo."

"Faili lilitoka masijala tarehe tisa mwezi wa pili, mwaka juzi," akasema taratibu. "Kabla ya hapo halikuwa kwake. Lilikuwa kwa huyu." Akamwachia mkewe mkono, kidole kimoja baada ya kingine. "Sisi tuna miaka mitano ya ndoa."

Midomo ya Dada ilikuwa bado imeachama kwa neno alilokuwa ameanza, na neno halikuja.

Shemeji akavua miwani. Bila miwani anaonekana kama mtu aliyetoka usingizini. Hakumtazama mkewe tena. Alinitazama mimi, na aliniuliza kwa adabu, kama siku zote.

"Shemeji yangu, tarehe uliyoiandika mle ni sahihi? Hukukosea mwaka?"

Alikuwa ananiomba. Nilimwona akiniomba. Neno moja tu, nilikosea, na angeenda nyumbani na mke wake.

Dada naye alikuwa ananitazama.

Majina mle ndani niliyachezea yote, kuanzia ukurasa wa kwanza mpaka wa mwisho. Tarehe sikuwahi kuichezea hata moja.